Bakuli Limevunjika, Haki Imetendeka

Hapo zamani, enzi za wafalme wasiokosea, nao mpaka leo hawajaanza kukosea, palikuwa na mji uitwao Fumbani, na mtawala wake akiitwa Sultani Nasibu. Katika mji huo alikaa maskini mmoja, Kombo, ambaye watu walimwita Kombo Sina, kwa kuwa kila alipoombwa kitu jibu lake lilikuwa hilo moja, na lilikuwa kweli. Hakuwa na shamba, wala mke, wala kanzu ya pili. Alikuwa na ulimi, na alikuwa na dada yake Mwatime, aliyeuza vitumbua sokoni na kumlisha bila kumsimanga.

Basi ikawa katika nchi hiyo akatokea gaidi, jina lake Makaa, maana kila alikopita hakuacha kitu kingine. Siku moja ya gulio, wakati wa sala ya alasiri, watu wamejaa sokoni, Makaa akaingia kwa lango la nyuma la soko, ambalo siku zote hufungwa kwa komeo la ndani, akatia moto vibanda vya makuti. Wakafa watu arubaini na mmoja. Mwatime alikuwa katika hao. Chuma chake cha kupikia vitumbua kilipatikana kizima, yeye hakupatikana.

Sultani alipoona vile akapanda ukumbini, akaapa mbele ya umma: "Nitamleta mtu huyu mbele ya kadhi, mumwone kwa macho yenu, aulizwe naye ajibu!" Watu wakaitikia kwa kilio, kisha wakangoja. Wakangoja miezi saba. Mwezi wa nane jemadari wa Sultani akampata Makaa porini, ndani ya banda, peke yake, akamwua papo hapo, na mwili wakautosa katika maji makuu, mahali pasipojulikana. Waraka wa jemadari ulieleza kwamba gaidi alikutwa na silaha ya chuma yenye meno. Silaha yenyewe ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, naye alikuwa ameikalia.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na siku ile pembe ililia mpaka mbwa wakaitikia. Mpiga mbiu akazunguka mitaa yote akinadi, "Enyi watu wa Fumbani! Haki imetendeka! Haki imetendeka!" Zikapigwa ngoma siku tatu, wakachinjwa ng'ombe, na pilau ikapikwa uwanjani kwa masufuria makubwa. Kombo naye akaenda. Asiende kwa nini? Alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli, akala sahani ya kwanza akicheka. Sahani ya pili akaila akilia, machozi yakadondoka ndani ya wali, na wala hakujua analia nini. Aliyemwulia dada yake amekufa, nazi yake haijaisha kukunwa. Mtu angetaka nini tena?

Ngoma zilipokoma, Waziri Thabiti akainama sikioni mwa Sultani, akasema, "Maulana, lango la nyuma lina komeo la ndani. Aliyelifungua ni mtu wa ndani. Na bawabu wa lango lile ni Vuai." Basi Vuai akakamatwa. Akaapa kwamba alikwenda kusali akaliacha lango limefungwa, na aliporudi akakuta moto. Waziri akamjibu kwamba viapo ni vingi mjini. Ikaamriwa anyongwe Ijumaa, baada ya sala, ili shughuli ya haki ikamilike vizuri.

Vuai alikuwa na mke, Bi Mize, mwosha vyombo katika jiko la jumba la Sultani. Akamwendea Kombo, kanga imelowa, akasema, "Kaka Kombo, mume wangu hakufungua lango."

"Najua, dada. Vuai hufunga hata mlango wa choo mara mbili."

"Yupo mtu mmoja tu aliyemjua aliyefungua, ndiye Makaa. Nilikuwa nikiomba dua akamatwe, aletwe, aseme, 'Si Vuai, ni fulani.' Nilipoisikia mbiu nikapiga vigelegele pamoja na wenzangu, kumbe namzika mume wangu."

Kombo akachukua kilemba chake, akakizungusha kichwani. Kisha akasema, "Ngoja nikapige hodi kwa mkubwa."

Akaenda barazani, akainama mpaka kilemba kikaanguka, na kwa kuwa kilikuwa kitambaa cha kupangusia meza hapana aliyejisumbua kukiokota. Akasema, "Maulana, nimekuja kumwombea Vuai. Nataka aletwe shahidi wake."

Sultani akauliza, "Shahidi gani?"

"Makaa, bwana wangu. Ndiye peke yake ajuaye nani alimfungulia."

Baraza zima likacheka. Waziri akasema, "Asiyekuwapo na lake halipo. Kesi hii imekwisha."

Sultani akasema, "Ewe Kombo, unamlilia gaidi? Si dada yako aliungua mle?"

"Simlilii yeye, Maulana. Kama angefufuka ningemwua tena kwa hiyo hiyo mbuzi ya nazi. Nalilia swali langu. Nilitaka asimame pale kwa kadhi, mnyororo miguuni, nimwulize: 'Mwatime alikukosea nini?' Jibu lake ningelitemea mate, lakini nilikuwa nalitaka. Hata Mola, ajuaye yote, huwatuma Munkari na Nakiri wakamwulize maiti kaburini. Sisi tusiojua kitu ndio hatukuuliza."

Sultani akasema, "Basi amekwisha kuulizwa huko."

"Naam. Ila majibu hayajafika huku."

Pale Sultani akakunja uso, kwani alikuwa mtu apendaye mizaha ya watu juu ya watu wengine. Akasema, "Vema. Kwa kuwa umewataja hao malaika, nenda kamlete shahidi wako. Ijumaa baada ya sala, niletee hapa mbele yangu maiti ajuaye siri ambayo hapana mwingine aijuaye. Ukimleta, Vuai ni huru. Ukija mikono mitupu, mtanyongwa wawili kwa kamba moja."

Kombo akasema, "Maulana hapotezi kamba," akainama tena, akaokota kilemba chake mwenyewe, akatoka.

Alhamisi akaenda sokoni, mahali palipoungua, akainama kwenye majivu ya duka la muuza vyombo, akaokota vigae vya bakuli vyenye maua ya buluu, akavifunga katika kitambaa. Kisha akamtafuta Bi Mize, akamnong'oneza jambo. Bi Mize akashika kifua, akasema, "Wataniua!"

"Wataniua mimi, dada. Zamu yangu imeshapangwa."

Sasa ijulikane kwamba Sultani Nasibu alikuwa na bakuli la kaure, jeupe, lenye maua ya buluu, aliloachiwa na marehemu mama yake, na kila asubuhi alikunywa uji ndani yake. Alikuwa na vyombo vya dhahabu, lakini uji katika dhahabu, akisema, hauna ladha ya mama. Asubuhi ya Ijumaa uji ukaletwa katika bakuli jingine. Ikawa kelele jumba zima. Masanduku yakafunguliwa, majamvi yakafunuliwa, wapishi wakaapishwa mmoja mmoja, na Sultani akaenda msikitini na njaa, akarudi na njaa na hasira.

Akaketi barazani. Vuai akaletwa, amefungwa mikono kwa nyuma, na kamba imekwisha kuning'inizwa uani. Mkewe alisimama mlangoni mwa jiko, hawezi kuangalia wala kuacha kuangalia. Kombo akaingia amebeba kitambaa chake, na kila hatua kikilia kwacha kwacha.

"Yuko wapi maiti wako?" akauliza Sultani.

"Yu njiani, Maulana. Punde hivi atakuwa mbele yako." Akafungua kitambaa, vigae vikamwagika sakafuni.

Sultani akayaona maua ya buluu, akasimama. "Bakuli la mama yangu! Nani amelivunja?"

"Limevunjika, Maulana."

"Nauliza nani amelivunja!"

"Limevunjika tu. Mbona haki ilipotendeka hatukuuliza nani ameitenda?"

Sultani akapiga kelele, "Kateni kichwa chake! Sasa hivi! Sitaki kusikia neno!" Mwenye upanga akaja mbio, maana kazi yake ilikuwa haba tangu watu walipoanza kuuawa porini. Kombo akapiga magoti mwenyewe, akainua ukosi wa kanzu, akanyoosha shingo. Upanga ukapanda juu. Vuai akafumba macho.

Kombo akasema kwa utulivu, "Fanya hima, bwana, nisije nikaropoka bakuli zima lilipo."

"Ngoja!" akasema Sultani. Upanga ukabaki juu. "Lilipo? Na hili?"

"Hivyo ni vigae vya sokoni, Maulana, vimeungua pamoja na dada yangu. Tazama vilivyo na moshi. Bakuli la mama yako ni zima, halina hata ufa. Lipo mahali, na ajuaye mahali hapo ni Kombo peke yake."

Sultani akasema, "Sema liko wapi!"

"La, bwana wangu. Tusiharibu desturi. Kwanza nikatwe kichwa, halafu niulizwe. Hiyo ndiyo sheria yetu mpya, tumeipigia ngoma siku tatu, mimi mwenyewe nilikula sahani mbili."

Sultani akarudi nyuma mpaka kitini. Akaketi polepole. Hatimaye akauliza kwa sauti ndogo, "Na yule maiti niliyekuagiza?"

Kombo akajibu akiwa bado amepiga magoti. "Maulana aliagiza aletewe maiti ajuaye siri ambayo hapana mwingine aijuaye. Siri nimekuja nayo mimi. Umaiti ulikuwa ukitoka kwa Maulana, na umebaki shubiri moja tu, angalia upanga. Huyu mwenye upanga akiushusha, utakuwa na maiti mbele yako kama ulivyoagiza, nawe umwulize lilipo bakuli. Umwulize mpaka Ijumaa nyingine. Ndivyo Bi Mize anavyomwuliza Makaa."

Watu wanasema Sultani alicheka. Hakucheka. Kwanza alitazama vigae, kisha akamtazama Vuai, mtu mzima, midomo ikimcheza kwa dua. Ndipo akasema, "Mfungueni," na kwa kuwa walisitasita akashuka akafungua kamba yeye mwenyewe, kwa shida, maana vidole vyake havijapata kufungua kitu. Bi Mize akaja mbio, akamkumbatia mumewe bila kuona haya mbele ya baraza.

"Bakuli liko wapi, Kombo?"

"Chini ya kiti cha kadhi, Maulana, katika nyumba ya hukumu. Nilitafuta mahali pasipokanyagwa na mtu yeyote, ili lisije likavunjika. Sikupata pengine."

Sultani akaenda mwenyewe, baraza zima likimfuata, kadhi akiwa nyuma kabisa kama mgeni asiyejua njia ya kwake. Mlango ukalia kwa kutu. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya mazulia, na buibui amefunga wavu toka mkono mmoja wa kiti mpaka wa pili. Bakuli likatolewa chini, zima. Sultani akalipangusa kwa joho lake, akamgeukia jemadari, akauliza, "Mtu alikuwa amekalia mbuzi ya nazi, peke yake. Nani alikuamuru usimlete hai?"

Jemadari akajibu, "Amri ilitoka, Maulana."

"Ilitoka kwa nani?"

"Ilitoka tu."

Sultani akamtazama Waziri. Waziri Thabiti alikuwa akivitazama viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Hapo ndipo Sultani alipocheka, kicheko kifupi, cha mtu aliyejikwaa mbele ya watu. Akasema, "Imetoka, imetendeka, limevunjika. Katika mji wangu wote hapana mtu aliyefanya jambo!" Akaamuru nyumba ya hukumu ifagiliwe siku ile ile, kadhi aketi, na walio hai waulizwe: Waziri kwanza, jemadari wa pili. Kisha akasema, "Na wewe Kombo, omba utakalo. Unataka joho? Farasi? Una pa kulala?"

"Sina," akasema Kombo, kwa mazoea. Kisha akasema, "Naomba mbiu ipigwe upya, Maulana. Ile ya kwanza ilikosewa kitenzi."

Basi mpiga mbiu akatoka tena na pembe yake, akazunguka mitaa yote akinadi maneno aliyofundishwa na Kombo, akiyakosea na kuyarudia, maana hakuzoea kunadi namna hiyo: "Enyi watu wa Fumbani! Makaa tumemwua sisi! Tumemwua kabla ya kumwuliza! Anayetaka kufurahi afurahi, anayetaka kulia alie! Haki bado!"

Wakatoka watu milangoni. Wengine walipiga vigelegele, wengine wakaingia ndani. Kombo aliketi kwenye majivu ya soko, karibu na mahali pa dada yake, akafanya yote mawili.

Mimi niliisikia hivyo, nami nimeifikisha bila kuongeza chumvi zaidi ya iliyohitajika. Waziri anaulizwa mpaka leo, naye anajibu kwamba lango lilifunguka. Kama nawe wataka kujua nani hasa aliyelifungua, njia ni rahisi: nenda kamwulize Makaa.