Mali Ikiuzwa Hairudi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na maduka na mahakama kama sisi, walichonga Katiba yao juu ya jiwe: "Mlaji asiuziwe sumu. Sheria ikipinga neno hili ni batili." Wakashangilia, wakaenda zao, wakalisahau. Aliyelikumbuka ni Pimbi, maana aliishi chini ya jiwe hilo.

Fisi aliuza unga. Ukutani alibandika tangazo: MALI IKIUZWA HAIRUDI. Kwa kuwa alikula sahani moja na wazee wa baraza, wakaligeuza kuwa sheria.

Siku moja Pimbi alinunua unga, akasonga ugali. Binti yake Nyamizi akala matonge mawili. Jua halijatua, amekufa. Ndiyo, alikufa, siwadanganyi.

Pimbi akabeba unga uliobaki, mbio dukani.

"Fisi! Unga wako umeoza! Umeniulia mwanangu!"

"Pole, Mama Nyamizi. Ila soma ukutani. Hehehee! Hairudi!"

"Basi usiwauzie wengine!"

"Magunia yote haya niyatupe? Thubutu!"

Pimbi akaenda kwa Jaji Nyati.

"Sheria ni sheria, mama."

"Na Katiba, mheshimiwa?"

"Aa, ile ni ya kusomwa sikukuu."

Pimbi alilia siku saba. Ya nane alipanga mafiga mbele ya duka, akapika. Tokota, tokota! Fisi akatoka, pua juu.

"Nf! Nf! Nini hicho?"

"Mchuzi wa mifupa, Bwana Fisi."

Fisi akalipa sufuria zima, akalikumbatia, akapanua kinywa.

"Nimeukoleza kwa unga wako," akasema Pimbi taratibu.

Pwaa! Sufuria chini.

"Nirudishie changu, mchawi we!"

"Mali ikiuzwa hairudi."

Fisi akamburuta hadi mahakamani, huku umati ukiwafuata.

"Mheshimiwa! Kaniuzia sumu! Katiba inamlinda mlaji! Tangazo si kitu mbele ya jiwe!"

"Sumu gani?" akauliza Nyati.

"Ule unga wa..."

Fisi akajiziba mdomo, lakini maneno yalikwishatoka.

Nyati aliutazama umati, akaona haya. Akaamuru tangazo libanduliwe, magunia yachomwe, na Fisi afungwe.

"Mama, umeshinda," akasema. "Chako chote kitarudi."

Pimbi akamtazama.

"Na Nyamizi?"

Nyati akainamisha pembe. Pimbi akarudi kwake, chini ya jiwe.

Basi shikeni hili, wanangu: Katiba ikichelewa kusomwa mahakamani, husomwa makaburini.