Kamba ya Mabaka

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana machinjio ya mji yalikuwa tayari na paa la bati, tena limeshashika kutu, aliishi mjane mmoja aitwaye Mbuke na ng'ombe wake mzee, Mabaka. Maziwa ya ng'ombe huyo yalilea watoto sita wa Mbuke, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumshukuru. Kisha uzee ukamfika, kama unavyotufika sisi. Meno yakaisha. Ukame ukaingia, nyasi nazo zikaisha. Mara mbili Mabaka alianguka kwenye tope la lambo, na mara mbili wanaume wanne walimnyanyua huku wakimtukana.

Mbuke akajisemea, "Mara ya tatu fisi wataanza kumla akiwa hai. Afadhali kisu cha Maalim Shomari kule machinjioni. Ni kitu cha mara moja."

Akamwita Gamaya, mchuuzi wa ng'ombe. "Mchukue. Ila asikae kule kwenye zizi la machinjio. Afike jioni, achinjwe alfajiri."

"Alfajiri, mama. Hata jua halitamwona."

Sasa sikilizeni. Katika nchi hiyo ng'ombe huuzwa, kamba haiuzwi. Muuzaji huifungua shingoni mwa mnyama, akabaki nayo. Ikijulikana kwamba mnyama aliteswa kabla ya kisu, mwenye kamba huifunga kwenye mlango wa aliyemtesa. Katika mlango huo hauingii mfugo, hautoki mfugo, mpaka kamba ioze yenyewe. Na katani haina haraka ya kuoza. Tena kamba haikatwi vipande. Kamba moja, mlango mmoja.

Siku ya tatu habari zikafika: Mabaka hakuchinjwa. Amekufa zizini kwa kiu, amekuwa kibudu, nyama imefukiwa shimoni.

Mbuke hakulia. Alichukua kamba, akaenda moja kwa moja hadi kwenye lango la machinjio bila kuuliza njia. Likumbukeni hilo. Zizini aliona hori la saruji, kavu, limelambwa mpaka limeng'aa. Akalitazama hori hilo muda mrefu. Kisha akageuka, akawakuta wanaume watatu wamesimama, na kila mmoja ameiona kamba.

Gamaya alikuwa wa kwanza. "Mlango wangu umekosa nini, mama? Ulisema afike jioni, nikamfikisha jioni."

"Mtoni mlipita?"

"Tulipita."

"Alikunywa?"

"Alivuta kuelekea majini, nikamchapa. Mguu wake ule mbovu! Tungesimama tungekuta lango limefungwa. Nilikuwa nakimbilia ahadi yako wewe."

Luhende, mlinzi wa zizi, akakohoa. "Na mlango wangu umekosa nini? Tangu nianze kazi hapa, ng'ombe aliyeingia lango hili hapewi maji. Tumbo likijaa maji, linawachafulia nyama wachinjaji. Ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha alifundishwa hivyohivyo. Pipa lipo, ndiyo. Ni la kuoshea nyama na sakafu. Nikilimaliza kwa ng'ombe, mji mzima unaharisha, halafu kamba mtanifunga shingoni."

"Ulimsikia akilia?"

"Mama, mimi nalala palepale. Nilimsikia."

Kisha akasogea Maalim Shomari, ambaye katika mji ule watu hawakula nyama ya kisu kingine ila chake. "Mlango wangu umekosa nini? Alfajiri ya kwanza nilikuja na kisu kikali. Nikauona ulimi wake umekauka kama kipande cha ngozi. Mimi simchinji mnyama mwenye kiu. Nimekatazwa, na moyo wangu pia umenikataza. Nikamwambia Luhende, mpe maji, nitarudi kesho. Kesho yake nikakuta hori kavu, nikakataa tena. Leo nimekuja na ndoo yangu mwenyewe."

"Leo," alisema Mbuke.

"Leo," alisema Maalim, akainamisha uso.

"Ungekata siku ile ya kwanza angepumzika siku ile ya kwanza. Huruma yako imemwongezea siku mbili, Maalim. Na kutoka kwako mpaka hapa ni hatua ngapi, hata ndoo ikachukua siku mbili kufika?"

Gamaya akaguna, "Mwambie huyo!"

"Wewe nyamaza, mwenye fimbo," alisema Mbuke. Akaanza kuikunjua kamba.

Hapo Luhende akasema polepole, "Mama, jana mchana nilikuona."

Mkono wa Mbuke ukasimama.

"Nyuma ya ukuta. Ulikuwa na ndoo kichwani, imejaa mpaka inamwagika. Ungebisha ningekufungulia. Maji ya pipa nimekatazwa. Maji yako nani angeyakataza?"

Hata Gamaya, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa, alitazama chini.

"Nilikohoa," alisema Mbuke. "Akakijua kikohozi changu. Akalia mara moja, vile alivyokuwa akilia nikichelewa kumkamua. Nikajua nikiingia nitamnywesha, halafu itabidi nigeuke nimwache palepale, naye ananitazama. Nikarudi na ndoo yangu."

"Na maji?" aliuliza Maalim.

"Nilimpa mwanawe, nyumbani."

Maana Mbuke alibaki na ndama mmoja wa Mabaka, jike, mwenye mabaka yaleyale. Ndiye mfugo pekee aliyekuwa naye, na kamba ikifungwa kwenye mlango wake, ndama huyo hatalala tena ndani.

Basi alisimama pale na kamba mkononi. Mmoja alimchapa akamnyima maji ya mtoni kwa sababu ya ahadi. Mmoja alilinda pipa lililojaa. Mmoja alikizuia kisu kwa huruma. Na mmoja alimpenda, akarudi nyumbani na ndoo.

Haya, msinitazame mimi, na wewe unayetafuna mshikaki acha kwanza kutafuna. Kamba ni moja. Je, ilistahili mlango wa nani?