Mnara Uliokula

Nikisema mto, jibuni mnara. Mto!

Mfalme mmoja alijengewa mnara katikati ya mto, akavuta mnyororo hadi kila ukingo ili asipite mtu bila idhini yake. Fundi aliyeujenga ni Bakoa. Siku moja mkewe, Mwanamize, alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mkunga alikaa upande wa pili wa mnyororo. Bakoa akampakia mtumbwini.

“Mfalme, fungua!” akaita mara tatu.

Mara tatu mfalme akajibu dirishani, mdomo umejaa pilau: “Subiri, fundi, ninakula.”

Mwanamize akafia pale pale.

Bakoa akairudisha maiti nyumbani kuoshwa. Maji aliyooshewa mkewe hakuyamwaga. Aliyachanganya na chokaa, na mfalme alipotaka mnara upakwe upya, akapaka chokaa hiyo kuta zote za ndani.

Chokaa ilipokauka, mlango ukajifunga mfalme akiwa ndani, kuta zikaanza kusogeleana.

“Fundi, fungua!” mfalme akalia mara tatu.

Mara tatu kuta zikajibu kwa sauti ya Mwanamize: “Subiri, bwana, ninakula.”

Kisha kukawa kimya. Mnyororo ukakatika, njia ikawa wazi, lakini Bakoa, aliyekuwa mtumbwini chini ya mnara, hakupiga kasia. Alikaa akisikiliza, huenda sauti ya mkewe ingesema tena.

Mto umepita, na hadithi imepita nao.