Jina Moja Mlangoni

Sogeeni karibu. Nitasimulia mimi, mtaamua ninyi.

Katika shule moja ya milima ya Upare walijulikana watu watatu. Mwalimu Ruthi Mchome alijua kufundisha jambo likakaa. Tumsifu Kadeghe, msichana wa miaka tisa, alijua kutunza siri. Darasa zima lilimwambia siri zake. Bibi Nietiwe Mbwambo alijua kusikiliza.

Mwalimu Ruthi aliwafundisha watoto kumkatalia hata mtu mzima.

"Nakuja kukushika. Sema!"

"Hapana!"

"Kwa sauti hiyo hata kuku hakimbii. Tena!"

Wazazi walinuna. Kwao, mtoto akiitwa na mkubwa huitika na kwenda. Wengine waliacha kumsalimu.

Siku moja Nanzia, mjukuu wa Bibi Nietiwe, alitumwa kuchukua sare kwa fundi cherehani, Eliapenda Mbwambo. Fundi alifunga mlango, akapeleka mkono mahali pasipohusu kipimo cha nguo.

"Hapana!" Nanzia alipiga kelele kama darasani. Fundi akashtuka. Nanzia akafungua mlango, akakimbia.

Njiani alimweleza Tumsifu, rafiki yake, huku akilia. "Apa hutamwambia mtu." Tumsifu akaapa. Lakini kesho yake, alipoona Nanzia hagusi uji wake, alikwenda kwa Bibi Nietiwe akasema yote. Tangu hapo hakuna mtoto anayemnong'oneza neno. "Nyamazeni, redio inakuja!" huambiana wakimwona.

Eliapenda alikuwa mtoto wa kaka yake Bibi Nietiwe, tena ndiye aliyemjengea nyumba. Bibi alimpakata Nanzia, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini, mjukuu wangu. Hukukosa kitu."

Wakashikana mikono hadi polisi, na bibi akataja jina kamili la fundi. Fundi akakamatwa. Ukoo haumwaliki bibi tena kwenye shughuli.

Leo Nanzia anacheka. Shule imejenga darasa jipya, na kwa desturi yake kila darasa hupewa jina la mtu mmoja. Safari hii Nanzia ndiye aliyepewa kuchagua.

"Mwandike Tumsifu," anasema mwalimu. "Mimi nilifundisha tu."

"Mwandike bibi yako," anasema Tumsifu. "Mimi nilivunja kiapo."

"Mwandike mwalimu," anasema bibi. "Mimi nilikaa tu nikasikia."

Nanzia amesimama mbele ya mlango, brashi mkononi, rangi inamdondokea viatuni. Anawapenda wote watatu, na nafasi ni ya jina moja.

Je, wewe ungemwambia aandike la nani?