Kijaluba cha Bi Somoe

Paukwa! Hee, mbona sauti zenu zimelala? Nasema tena, paukwa! Pakawa, ndiyo hivyo. Sogezeni mikeka, na wewe unayechezea kijinga cha moto kaa chini, maana haya ninayokwenda kuwasimulia yaliniacha mdomo wazi siku niliyohadithiwa, na mpaka leo haujafungika sawasawa.

Zamani hizo, babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na mjane akiitwa Bi Somoe. Alikuwa na vitu viwili tu duniani, binti yake Mwanashee na kijaluba chake, kile kikebe cha kutilia majani ya tambuu ya kutafuna. Kijaluba chenyewe kidogo, kinaenea kiganjani, cha dhahabu tupu. Kifuniko chake kilipakwa rangi ya kioo iliyopikwa motoni, buluu, na katikati pana ua moja jeupe la asumini. Sonara aliyekitengeneza alikwishakufa, na ufundi wake akaenda nao. Kilikuwa kizuri, jamani, kizuri cha kuudhi. Hata nyuki wa mtaani alipoliona lile ua alilijia mbio akajigonga kichwa, ta. Akarudi, ta. Akarudi tena, ta.

"Bi Somoe," akasema nyuki akijipangusa uso, "ua lako halina kitu ndani."

"Na nani kakwambia ule?" akajibu Bi Somoe. Akakifuta kijaluba kwa ncha ya leso, akakifuta tena, akakifuta tena.

Sasa sikilizeni mila ya mji ule. Kijana akipeleka posa, hajibiwi kwa mdomo. Nyumba ya binti hutuma kijaluba. Kikifunguliwa kina tambuu, na popoo yake na chokaa yake, basi amekubaliwa. Kikifunguliwa kitupu, amekataliwa, na aliyekataliwa huhama mji siku hiyo hiyo asirudi tena.

Famau, fundi wa kuchonga milango, alikuwa amepeleka posa kwa Mwanashee. Walipendana wale, na Bi Somoe mwenyewe hakuwa na neno. Basi asubuhi Mwanashee akakunja tambuu vizuri, akakijaza kijaluba, akaenda kuoga akiimba.

Bi Somoe akakifungua aangalie. Lahaula, doa la chokaa kwenye dhahabu! Doa lenyewe halifiki hata chembe ya mtama, lakini mama wa watu roho ilimtoka. Akaitoa tambuu yote, akaifunga kwenye jani la mgomba, akakifuta kijaluba, akakifuta tena, akakifuta tena. Kisha akamwita punda wa nyumbani, akamning'inizia vyote viwili shingoni.

"Peleka kwa kina Famau," akamwambia. "Waambie tambuu imo kwenye jani."

"Nimesikia," akasema punda.

Na alisikia kweli. Lakini kifurushi kilining'inia chini ya pua yake, na ni majani, na yeye ni punda. Akala jani la nje. Akala tambuu. Akala na chokaa.

Kwa kina Famau mkubwa wa nyumba alikuwa shangazi yake, Bi Shali. Akakifungua kijaluba mbele ya watu wote. Kitupu, kinang'aa. Watu wakashika vichwa. Bi Shali akamuuliza punda kama alitumwa na neno lolote, na punda chokaa inamwunguza ulimi, hakuweza kutamka kitu.  Famau akainuka akaanza kufunga patasi zake.

Nyuki alikuwepo, alikuja amepanda juu ya kifuniko, maana bado hakuwa amekata tamaa na lile ua. Akaruka mpaka kwa Mwanashee.

"Jibu lako limeliwa na punda," akasema. "Na Famau anafunga mizigo."

Mwanashee hakumaliza hata kusuka nywele. Alichukua tambuu nyingine, akaipaka chokaa kwenye kiganja chake, akatoka mchana kweupe. Mwari anajipeleka kwa mchumba kwa miguu yake! Mji mzima ulipigwa na butwaa. Wanawake madirishani walishika midomo, wauza maji walisimama njiani, na Bi Somoe akamfuata nyuma anahema.

Mwanashee akasimama mbele ya Bi Shali akafungua kiganja. "Shangazi, jibu langu ni hili."

"Nakuamini, mwanangu," akasema Bi Shali, "lakini jibu huja ndani ya kijaluba. Hicho hapo mkekani. Itie humo, tumalize."

Mwanashee akainama. Kabla mkono wake haujafika, Bi Somoe alikwishakirukia kijaluba, amekikumbatia kifuani.

"Usikitie chokaa," akasema. "Kitaharibika."

Watu hawakuamini masikio yao. Hata punda aliacha kulamba ukuta.

"Mama," akasema Mwanashee, "Famau anaondoka."

Bi Somoe alimtazama binti yake, akakitazama kijaluba. Akamtazama binti, akakitazama kijaluba. Akamtazama binti. Kisha akashika ncha ya leso akaanza kufuta.

Mimi ningekuwepo ningelia. Bi Shali hakulia. Alimshika Mwanashee mkono, akaiokota ile tambuu pale pale kiganjani, akaitia kinywani akatafuna. "Famau," akasema, "fungua mizigo yako." Mila ya mji ikaishia pale, na tangu siku ile jibu la posa likawa linatolewa kiganjani.

Harusi ilifungwa wiki ile ile. Bi Somoe alikaa mbele kabisa na kijaluba chake, na kila aliyekiona alikisifu, naye akafurahi sana. Ikafika saa ya bibi harusi kuaga. Mwanashee akapiga magoti mbele ya mama yake, akangoja akumbatiwe. Akangoja. Akangoja. Bi Somoe alilia machozi mengi, lakini mikono yote miwili ilikuwa imeshika kijaluba. Mwanashee akainuka, akaenda zake.

Yangu yamekomea hapo. Haya, nani ataongeza kuni?