Kwa Nini Bi Harusi wa Waslavi Aliitwa Asiyejulikana

Zamani, Waslavi walipokuwa bado watu wa lugha moja kwenye nchi ya misitu na vinamasi, bi harusi alipofika kwa mumewe aliitwa jina lake mlangoni, kwa sauti, kila mtu asikie.

Dobrava alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu wa kiume. Mke wa kwanza wa kijana huyo aliitwa hivyo mlangoni, na kabla theluji haijayeyuka wakamzika. Dobrava akaamini kwamba mauti yalijificha nyuma ya jiko, yakalisikia lile jina. Kwa hiyo mwanawe alipooa tena, alimfunika binti wa watu shela, akaliambia jiko, "Huyu hatumjui. Ni nevesta tu." Yaani asiyejulikana. Akakataza watu wasimuulize jina, na yeye mwenyewe hakumuuliza.

Jirani alimtania kisimani. "Ng'ombe wako wote wana majina, mama. Mkweo je?"

"Ng'ombe akifa silii," Dobrava alijibu, akajitwika ndoo zake.

Basi ile hofu ilikuwa ni upendo. Lakini binti anayesaga nafaka mwaka mzima bila kuitwa, atajuaje?

Siku ya kujifungua, mtoto alitoka salama, ila mama yake akaanza kuzimika. Mumewe alikuwa msituni anakata kuni.

"Mwite," mkunga akasema. "Anakwenda huyu."

"Nevesta," Dobrava aliita. Binti hakugeuka.

Hapo mama mkwe akamvua shela, akapiga magoti. "Nimekukosea, mwanangu. Nilidhani nakuficha. Unaitwa nani?"

Midomo ikacheza kidogo. "Rada."

Dobrava aliliita jina hilo mpaka sauti ikamkauka, jiko linasikia, mauti yanasikia, naye hajali tena. Na kwa rehema za Mungu, Rada akafumbua macho.

Lakini neno nevesta lilikuwa limeshaenea kwa majirani, na baadaye watu wale walipotawanyika mashariki, magharibi na kusini, kila ukoo uliondoka nalo. Warusi wanalo, Wacheki wanalo, Wabulgaria nao. Huku ni bi harusi, kule ni mke wa mwana. Neno lenyewe la mwanzo hakuna aliyelikuta limeandikwa. Wasomi wamelikisia kwa kuwasikiliza wajukuu zake, yaani maneno ya leo yaliyotokana nalo. Shela nalo lipo. Kilichosahaulika ni yale magoti ya Dobrava.

Wewe unayenisikiliza, kama una mkwe nyumbani, nakuomba ukirudi leo umwite kwa jina lake.