Kizingiti cha Twiga

Hadithi inabisha hodi!
Ipite ndani!
Ina miguu mingapi?
Kama yetu sote!

"Ni hatua moja tu, mama," alisema Twiga.

"Hatua ya nani, mwanangu?" akauliza Bi Kobe.

Basi hapo zamani za kale, wawili hao waligombana mbele ya lango la uwanja mpya wa Mji wa Wanyama. Twiga ndiye fundi aliyeujenga. Ndani mlikuwa na kisima, na kiangazi kilikuwa kimekausha mito yote. Mji mzima ulijipanga na vibuyu, ngoma zinalia, koo zimekauka.

Lakini mila ilisema kisima kipya hakinywewi mpaka mkongwe wa mji aingie kwa miguu yake mwenyewe, ateke maji ya kwanza. Mkongwe ni Bi Kobe. Nacho kizingiti kilifika kwenye goti la Twiga, maana kila kitu alikipima kwa mguu wake.

Bi Kobe akapanda, akaanguka. Akapanda tena, akaanguka. Mara ya tatu akabingirika chali, miguu juu, na Nyani akacheka mpaka akashika mbavu.

Nyani huyo huyo akajitolea kumbeba. Mila ikakataa. Nguchiro akamchimbia tundu chini ya ukuta huko nyuma, karibu na jaa. Sasa Bi Kobe ndiye aliyekataa. Kiu ilimkaba kama wengine, lakini akasema, "Huko hupita taka. Mimi nimealikwa."

Kisha akamwomba Twiga alale chini, shavu kwenye vumbi, alitazame lango kutoka hapo.

Twiga akalala. Akatazama. Kizingiti kilikuwa mlima.

"Hata kisima sikioni," akasema polepole.

Akainuka, akakivunja kizingiti kwa kwato zake. Ndipo akaanza kuwauliza wengine wanahitaji nini. Kiboko akasema lango linambana. Fuko, asiyeona, akaomba mawe yenye kukwaruza yapangwe njiani, ayafuate kwa miguu. Popo akaomba kivuli. Wote wakashika kazi, wakachimba, wakaimba, na jua halijazama, mteremko wa udongo ukawa tayari mahali pa kizingiti.

Funzo lake ni hili: anayewajengea wengi, awaulize wengi kabla hajapima.

Nami hadithi yangu naiacha pale pale langoni, Nyani alipowasukuma wenzake apite wa kwanza, Twiga akamzuia kwa shingo, akamwinamia Bi Kobe, akamwambia, "Tangulia, mama. Leo tunatembea kwa hatua yako."